Syombua na Gundi Iliyoshika Vumbi

Gundi hushika ilichokuta, si ulichotaka.

Mmelisikia neno hilo leo, Katumbi alipopuliza ndani ya mshale wake, akaufuta mdomo kwa kidole gumba, kisha akafungua gundi. Mkacheka, kwa kuwa mlidhani ni mzaha wa wazee wa uwanja huu. Halafu mkauliza limetoka wapi. Halikutoka mbali, limetoka hapa hapa Kavuluni, kwa mama mmoja aliyekuwa amechoka, na lilianza kama nitakavyowaeleza. Kaeni. Na wewe Katumbi, weka hiyo gundi chini, haitakukimbia.

Mama huyo aliitwa Syombua. Mumewe, Muthiani, ndiye aliyeanzisha kikundi chetu hiki cha upinde. Kwao walikuwa watu wa mishale tangu zamani. Babu yake alipachika ncha za chuma kwenye vijiti kwa ulimbo wa mti na kuzikaza kwa kano za ng'ombe. Muthiani alipoletewa mishale ya kaboni, hii myeusi, myepesi, iliyo wazi ndani kama mrija, hakuidharau wala hakuishangilia. Aliigeuza mkononi akasema mshale ni mshale, na kichwa kisiposhika umerusha kijiti tu.

Mnajua jinsi mishale hii ilivyo. Ncha haikai kwenye kaboni yenyewe. Kuna kichuma kidogo chenye tundu ambacho husukumwa ndani ya mdomo wa mshale na kushikwa kwa gundi, kisha ncha hukazwa humo kama skrubu. Kichuma kikiachia, ncha inabaki kwenye shabaha nawe unarudi na mrija mtupu, watu wakikutazama. Tena mshale huja mrefu, lazima ukatwe ulingane na mkono wa mwenyewe, na ukikatwa huacha vumbi jeusi ndani, laini kama masizi. Kwa hiyo Muthiani alikuwa na kawaida yake. Alichovya pamba kwenye spiriti, akaizungusha ndani kwa kijiti, akaitoa nyeusi, akaitupa, akachukua nyingine, hivyo hivyo mpaka pamba itoke nyeupe. Ile nyeupe hakuitupa. Alimwita mwenye mshale aje aione kwa macho yake. Hakuna aliyetiliwa gundi kabla hajaiona pamba. Vijana wa wakati ule walimwona mzee msumbufu, kama mnavyotuona sisi, lakini mshale wa Muthiani haukuwahi kuacha kichwa.

Alipofariki, kazi ya gundi ikabaki kwa Syombua, maana mikono yake ilikuwa imeizoea. Tena ilimbakia gundi nyingine, iliyo nzito zaidi. Ilimbakia kazi ya kuwashikanisha wanawe.

Walikuwa wawili, Musyimi na mdogo wake Nzioka. Muthiani aliugua muda mrefu sana, akawa hawezi hata kugeuka kitandani, na aliyemgeuza ni Musyimi. Alimwosha, alimlisha, alimbeba mgongoni kumpeleka chooni. Nzioka alikuwa Mombasa, kwenye yadi ya makontena, akija mara moja moja na mkate na sukari, akikaa kidogo na kuondoka. Siku ya mazishi Nzioka alichelewa njiani. Alifika watu wakiwa wameshaanza kufukia kaburi. Akapasua katikati ya watu, akashika jembe lililokuwa hapo ili naye atie udongo kwa baba yake, na Musyimi akampokonya mbele ya kanisa zima, mbele ya wakwe na majirani. Akamwambia, "Udongo huu una wenyewe. Wewe rudi ulikokuwa." Nzioka aligeuka akaondoka na vumbi la safari bado likiwa kwenye viatu vyake.

Baadaye Nzioka alirudi Kavuluni moja kwa moja, akafungua karakana ya kuchomelea vyuma sokoni. Musyimi akabaki nyumbani kwa baba yao. Kati ya soko na nyumbani kuna ule mto wetu wa mchanga, ambao maji yake huonekana mara chache. Ndugu hao walikuwa na simu, lakini hakuna aliyeweka namba ya mwenzake. Simu yao ilikuwa mama yao.

"Mwaitu," Musyimi angesema, maana ndivyo Mkamba amwitavyo mama yake, "ukienda sokoni mwambie mwanao ng'ombe wa baba anakaribia kuzaa, na asitarajie kuitwa kuja kumwona ndama."

Syombua angejifunga leso kiunoni, avuke mchanga, magoti yakimlalamikia, afike karakana, aketi kwenye benchi na kuomba maji. Kisha angesema, "Ndugu yako anakusalimu. Ng'ombe wenu amekaribia kuzaa."

"Salamu zake abaki nazo," Nzioka angejibu bila kuinua macho kwenye chuma chake. "Mwambie ndama amle na ngozi."

Naye angerudi, mchanga ukiwa umeshapata moto, amkute Musyimi zizini, amwambie, "Nzioka amefurahi. Anasema Mungu amjalie azae salama."

Hakuona kuwa ni uongo. Aliona ni kama kutia sukari kwenye uji uliochacha kidogo, ili watoto wasilale njaa. Mwanzoni alipunguza tu ukali wa maneno. Kisha akaanza kuongeza. Siku moja alimwambia Nzioka kwamba lile jembe la mazishi linamkera Musyimi moyoni na kwamba angependa kusamehewa. Siku nyingine alimwambia Musyimi kwamba Nzioka analia akikumbuka ugonjwa wa baba yake, na kwamba anajuta kumwachia ndugu yake mzigo. Hakuna aliyemtuma maneno hayo. Aliyatunga njiani, pale katikati ya mto, akiwa amesimama kupumzisha goti.

Alichoka, jamani. Alichoka kwa namna ambayo usingizi hauwezi kuiondoa. Aliamka amechoka, akachota maji amechoka, na hata akicheka na wanawake wenzake, kicheko chenyewe kilikuwa kimechoka. Alichotaka duniani kilikuwa kitu kimoja tu, wanawe wakae kwenye sahani moja kabla yeye hajaenda kulala karibu na Muthiani. Angeliona hilo, hata siku moja, angepumzika.

Na uongo wake ulifanya kazi, hilo lazima tulikubali. Nzioka alianza kuuliza kama paka yule wa nyumbani bado yuko. Musyimi alianza kunyamaza mahali ambapo zamani angetukana. Baba yao mdogo, Mzee Kimatu, alipoona moto umepungua akasema huu ndio wakati. Akachinja mbuzi, akawaita wote wawili kwake, akaketi katikati yao na kofia yake ya kanisani.

Sasa, wasuluhishi wengi wana haraka ya nyama, na Kimatu alikuwa mmoja wao. Musyimi alifungua kinywa aseme kitu, Kimatu akainua mkono. Nzioka akakohoa, akaanza, "Baba mdogo, mimi nilitaka tu kuuliza," na Kimatu akainua ule mkono mwingine.

"Hapa hatufukui," akasema. "Mavi ya kale hayanuki. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Peaneni mikono, nyama inapoa."

Ndugu wakatazamana. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshajutia, tena kwa machozi, na kwamba amemtuma Mama aseme. Kila mmoja alikuwa amekuja kupokea, hakuna aliyekuja kutoa. Hata hivyo walisita, na Syombua akaona ule mshono unataka kufumuka. Akasema, "Yaishe, wanangu. Nimechoka. Yaishe tu." Wakapeana mikono. Watu wakapiga makofi, nyama ikaliwa, na Syombua akaenda nyuma ya jiko akalia peke yake, kwa furaha na kwa uchovu, bila kujua kipi kilikuwa kikubwa.

Kimatu hakuishia hapo. Kulikuwa na mashindano ya upinde mji wa jirani, ya watu wawili wawili, na akatangaza kuwa wana wa Muthiani watafuma pamoja kama zamani walivyofundishwa na baba yao. Mishale mipya ilikuwa imeletwa, mirefu, haijakatwa. Nzioka akaichukua mpaka karakana akaikata kwa mashine yake, mingine kwa kipimo chake na mingine kwa cha kaka yake, akaipeleka kwa mama alasiri ya siku moja kabla ya safari. Akaiacha mlangoni na kurudi kazini.

Syombua aliiweka mapajani. Nyumbani kulikuwa na vyombo vya wageni ambavyo havijaoshwa bado, na mgongo ulikuwa unamuuma. Pamba ilikuwepo. Spiriti ilikuwepo. Aliinua mshale mmoja juu ya mwanga akachungulia ndani, akaona weusi ule, akajua ni nini. Lakini kupitisha pamba maana yake ni kuwaita wenye mishale waje waione. Musyimi angetoka zizini, Nzioka angerudi kutoka sokoni, wangesimama bega kwa bega mbele yake bila kazi mkononi, na watu wasio na kazi huongea. Aliogopa wataongea nini. Akapuliza mshale, puu, akaufuta kwa pindo la leso. Akajiambia gundi hii ni kali, ya kuchanganya kutoka tyubu mbili, hata jiwe inashika. Itashika tu.

Akaichanganya kwenye kifuniko cha kopo, akakipaka kichuma, akakizungusha kikiingia ili gundi ienee pande zote, akafuta iliyotokeza, akaisimamisha mishale kwenye ndoo, vichwa chini. Asubuhi aliijaribu kwa vidole, mmoja mmoja. Ilikuwa imeshika, ukivuta haisogei hata kidogo. Akaridhika.

Huko mashindanoni walianza vizuri sana. Musyimi alikuwa na mkono mtulivu wa baba yake, na Nzioka jicho. Walifuma kwa zamu, mishale ikasimama kwenye shabaha imesongamana, na wazee waliomjua Muthiani wakaanza kutikisa vichwa kwa furaha. Syombua alikuwa amekaa kwenye kreti la soda lililogeuzwa, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, magoti hayakumuuma.

Kisha wakaenda kung'oa mishale. Musyimi alishika wa kwanza akauvuta, ukatoka kirahisi mno. Mkononi alikuwa na mrija mtupu. Ncha na kichuma chake vimebaki ndani ya majani ya shabaha. Akavuta wa pili, hali ikawa ile ile. Nzioka akavuta wake, mtupu. Nyuma yao mtu alicheka, na mwingine akamnyamazisha, jambo ambalo ni baya kuliko kucheka.

Musyimi akauchungulia mrija. "Nani aliyekata mishale hii?"

"Unajua ni mimi," Nzioka akasema.

"Ndiyo maana."

"Ndiyo maana ya nini?"

"Kazi yako ndiyo hii. Unaonekana mwanzo, mwisho unaachia mwenzako. Hata kwa baba ulifanya hivi hivi."

Nzioka aliweka upinde wake chini polepole. "Nilidhani hayo umeyaacha. Si wewe uliyemtuma Mwaitu aniambie unataka nikusamehe? Kwamba lile jembe linakukera moyoni?"

"Mimi nimtume nani? Sijawahi kusema neno hilo. Ni wewe uliyeniletea habari kwamba unalia ukikumbuka ugonjwa wa baba."

"Mimi sijawahi kulia mbele ya Mwaitu."

Walisimama hivyo, kila mmoja na mrija wake mtupu, wakayafikiria maneno yale, moja baada ya jingine, na njia ambayo kila neno lilipitia. Kisha wote wawili wakageuka kumtazama mama yao pale kwenye kreti.

Syombua alikuwa ameshainuka na kufika kwenye shabaha. Alikuwa amechokonoa kichuma kimoja kutoka kwenye majani na kukiweka kwenye kiganja. Alikikwaruza kwa ukucha. Gundi ilikuwepo yote, ngumu, nzima, haijapungua popote. Na juu ya gundi, kukizunguka kichuma chote, kulikuwa na ganda jeusi, kana kwamba mtu alikivingirisha kwenye masizi. Gundi haikushindwa kazi yake. Ilishika barabara. Ilishika vumbi, nalo vumbi halikuwa limeshika kitu.

"Musyimi, usimlaumu mkataji," akasema. "Kukata lazima kutoe vumbi. Mimi ndiye sikupitisha pamba."

"Mwaitu, hatukuulizi habari za mishale. Tunauliza habari za salamu."

"Ndizo ninazowajibu." Akavuta pumzi. "Salamu zilikuwa zangu. Kila mmoja wenu alinipa matusi nimpelekee mwenzake, nami nikayaacha mtoni, nikafika na salamu. Nilichoka kubeba matusi. Mlipopeana mikono kwa baba yenu mdogo, kila mmoja alimpa mkono mtu ambaye hayupo, mtu niliyemtunga mimi. Sikutaka mseme, kwa sababu niliogopa mtakachosema. Nikapaka gundi juu yake." Akawaonyesha kile kichuma. "Nilitaka iwashike wanangu. Imeshika vumbi hili. Gundi hushika ilichokuta, si ulichotaka."

Nzioka aliitazama ile rangi nyeusi kwa muda mrefu. "Basi hatujapatana," akasema.

"Hamjapatana."

"Wala hatukuwahi."

"Hapana," akasema mama yake. "Hamkuwahi."

Walirudi Kavuluni kwa magari tofauti. Syombua alirudi na jirani, amebeba ndoo ya mirija mitupu mapajani. Kitu alichokitaka kuliko vyote alikishika mkononi siku chache, akakiona kinavunjika mbele ya watu, na mvunjaji alikuwa yeye. Aliumia sana, na sina namna nzuri ya kulisema hilo.

Lakini kuanzia siku ile hakubeba tena neno la mtu. Musyimi alipoanza, "Ukienda sokoni mwambie," alimkatiza akasema, "Mto uko pale, na miguu unayo." Nzioka naye alipotuma kitu alijibiwa vivyo hivyo. Nyumba ikawa kimya, soko likawa kimya. Watu walisema mama wa watu amekata tamaa. Yeye alisema amekata kazi tu.

Mvua zikapita. Ndipo alipomwambia kila mmoja, uso kwa uso, maneno yale yale, "Njoo usafishe mishale yako. Mimi sitakusafishia." Wakaja, nadhani kwa aibu ya kumkatalia mama. Aliwakalisha kwenye benchi la kibarazani, mmoja huku na mwingine kule, akaweka ndoo, pamba na chupa ya spiriti katikati yao. Yeye akakaa kwenye kigoda, mgongo ukutani.

"Leo sipeleki wala sileti," akasema. "Mwenye neno amwambie mwenyewe. Nitasikia, na sitapunguza kitu."

Wakasafisha. Pamba zikatoka nyeusi tii, zikarundikana kwenye sakafu kati ya miguu yao. Kisha Musyimi akaanza kuongea, macho yake kwenye mshale.

"Baba alikuwa akiniita Nzioka," akasema. "Mwishoni. Nimembeba mgongoni, ananiita Nzioka. Namlisha, ananiambia ahsante, Nzioka. Jina langu hakuwahi kulitaja mpaka anakufa. Halafu ukaja umevaa koti, ukashika jembe."

Syombua alikuwa analijua jambo hilo, kwa kuwa alikuwa chumbani. Maneno matamu yalimjaa kinywani. Alitaka kusema baba yenu alikuwa mgonjwa, hakujua anachosema, aliwapenda wote sawa. Akachukua pindo la leso akaliuma kwa meno.

"Sikujua," Nzioka akasema.

"Ungejuaje? Hukuwepo."

"Sikuwepo." Akatoa pamba, akaitazama, akaitupa. "Nilikuwa naogopa kumwona vile. Nilikuwa nafika pale mlangoni, naisikia ile harufu, natafuta sababu ya kuondoka. Kazi ilikuwa inanipa ruhusa, mimi ndiye nilikuwa sichukui. Hilo ni kosa langu na sina pa kuliweka. Lakini siku ile nilisafiri nimesimama njia nzima. Ulinifukuza kwa baba yangu mbele ya watu kama mbwa aliyefuata nyama. Sikutia hata konzi moja ya udongo. Kila mvua ikinyesha nalala nalifikiria lile kaburi."

Musyimi alipitisha pamba nyingine, polepole, akaizungusha mpaka chini, akaitoa. Ilikuwa na kijivu kidogo pembeni. Akasema, "Bado," na haikujulikana alikuwa anamwambia nani. Akachukua nyingine. Waliendelea hivyo alasiri nzima, neno na pamba, neno na pamba, mengine ya kuumiza ambayo siwezi kuwarudieni hapa, na Syombua aliyasikia yote jinsi yalivyokuwa. Ilimchosha kuliko kuvuka mto.

Mwisho Musyimi alitoa pamba, akaigeuza upande huu na upande ule. Kisha akafanya kitu ambacho hakuna aliyekifanya kibarazani pale tangu Muthiani afe. Akamnyooshea ndugu yake aione.

Nzioka akaipokea, akaitazama. "Nyeupe," akasema.

Musyimi akainuka. "Kaburi limezama," akasema, "upande wa kichwani, tangu mvua zile zilizopita. Linataka udongo." Akazunguka nyuma ya ghala, akarudi na lile jembe. Lilikuwa na utando wa buibui kwenye mpini. "Sijalishika tangu siku ile. Shika wewe." Akamgeuzia mpini.

Nzioka alilipokea kwa mikono miwili, wakaenda wote, mkubwa mbele na mdogo nyuma.

Syombua hakuwafuata. Alibaki kwenye kigoda, mgongo ukutani, pamba nyeusi zimetapakaa mbele yake. Alilisikia jembe likipiga chini, likitua, likipiga tena. Katika kule kutua alisikia sauti zao, ila maneno hakuyapata, na kwa mara ya kwanza hakuhitaji kuyajua. Walipotaka kumwambia kazi imekwisha, walimkuta amelala pale pale alipokaa, kinywa wazi, kama mtoto. Hawakumwamsha. Walipika wenyewe, ugali haukuiva vizuri, wakaula kwenye sahani moja, na yeye sahani ile aliiona asubuhi, tupu, ina vijiko viwili.

Mishale ilitiwa gundi siku iliyofuata. Mpaka leo miwili kati yake iko kwenye ile ndoo, na mmeivuta wenyewe mara nyingi. Hakuna iliyowahi kuacha kichwa.

Haya, Katumbi, chukua pamba. Ichovye, izungushe mpaka chini, itoe. Tuonyeshe sote. Hiyo ni ya kijivu, mwanangu, usinitazame hivyo. Chukua nyingine. Na mwenye ugomvi na mwenzake humu, namjua na yeye anajua, asije kunipa mkono wa haraka mbele ya watu ili tukale. Gundi hushika ilichokuta, si ulichotaka.